Herufi Iliyopinda

Mzee Mihuri, kama mtaa ulivyomwita, alichonga mihuri ya ofisi kwa miaka thelathini, na kila kazi aliibandikia daftarini barua ya mwenye ofisi. Huna barua? Mlango ule pale.

Siku moja mteja alimwachia kibao cha shaba chenye picha ya noti, eti amalizie mistari midogo. Mkewe alipokiona alihamaki. "Baba watoto, hiki ni cha kuchapia noti bandia! Kukaa nacho tu ni jela, hata usipokigusa!" Mzee akakikimbiza polisi, akapewa karatasi yenye muhuri wa kituo kwamba wamekipokea, akaibandika daftarini.

Mwezi haukuisha, mteja akakamatwa, akamtaja yeye. Askari wawili walipoingia karakanani, mzee aliruka kitini hadi miwani ikamdondoka. Mkewe, bila hata salamu, akawafunulia daftari.

Askari mmoja aliikodolea macho ile karatasi, kisha akacheka. "Hii ni yetu kabisa. Muhuri wa kituo chetu naujua kwa ile herufi iliyopinda."

"Ndiyo hiyo niliyoikosea nilipowachongea muhuri, mnayonisimanga nayo kila siku," mzee alisema, akishusha pumzi. "Sasa siinyooshi ng'o!"