Panya wa Kizimba cha Tisa

Pale maabara kila mtu alimwita Baba Panya, naye wala hakununa. Zamani alikuwa fundi baiskeli. Aliingia pale kama mtu wa usafi, ikaonekana ana mkono mpole, basi akaachiwa chumba kizima cha panya weupe wa utafiti. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na nne akiwalisha na kuwabadilishia maranda.

Daktari aliyeongoza utafiti, mama mmoja mwembamba asiyejua kutembea polepole, alikuwa akihangaika na ugonjwa wa usaha ndani ya mfupa. Dawa ilikuwepo, ila ikiingia mwilini husambaa kote, mfupa ukaambulia kidogo tu. Kwa hiyo akatengeneza vichembe vya kuibeba, vidogo kiasi kwamba ukivipanga elfu moja kwa safu havifiki unene wa unywele, akavipaka kitu kinachong'ang'ania mfupa.

"Ni wapagazi hawa, kaka yangu," alimweleza Baba Panya. "Hawatui mzigo mpaka wafike kwenye mfupa."

"Na wakipotea njia?"

"Hapo ndipo penye kazi."

Wakapotea kweli. Mara mbili waliishia kwenye ini. Mara ya tatu daktari akabadilisha ule mpako, panya wakadungwa sindano upya.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja, Baba Panya alifungua mlango na ndoo yake ya chakula, akaganda palepale. Panya jike wa kizimba cha tisa, aliyekuwa akiburuta mguu wa nyuma kwa ugonjwa huo wa mfupa, alikuwa ananing'inia juu kwenye waya, anatafuna kifuniko!

Akatimua mbio ukumbini, na umri wake wote ule. "Dada! Njoo umwone, anapanda!"

Daktari akaja na kikombe mkononi. Walipompiga picha, rangi iliyotiwa kwenye vichembe iling'aa mfupani. Ini karibu giza tupu. Daktari akamkumbatia mzee wa watu, kahawa ikawamwagikia wote wawili, wakacheka mpaka machozi.

"Mpaka ifike kwa binadamu bado safari ni ndefu," daktari alisema akijipangusa.

"Hiyo tutaisema kesho, dada. Leo tufurahi."

Nyumbani mkewe alimsikia akipiga mluzi tangu getini. "Kulikoni leo, mume wangu?"

Akamsimulia, akaigiza na jinsi panya alivyoning'inia. Shemeji yake alipopita, akasimulia tena. Jirani alipobisha hodi, mkewe hakumpa mumewe nafasi. Alisimulia yeye mwenyewe, kwa mikono na miguu, na Baba Panya akakaa kusikiliza, anatabasamu mwenyewe.