Fundi Bomba na Familia Alizopangiwa

Fundi bomba alisali Kanisa Katoliki miaka mingi, nyuma ya nguzo, na alipohama hakuna aliyeshtuka. Parokia ilikuwa kubwa. Mwaka mzima baada ya kubatizwa na Wamormoni, alikutana na katekista barabarani, akaambiwa, "Jumapili kanisani ulipendeza kweli." Fundi akashukuru. Angefanyaje?

Kwa Wamormoni mambo yalikuwa mengine. Hata viatu havijazoea njia, akapewa kazi: kutembelea familia tatu za waumini. Alipokosa ibada kwa sababu ya mafua, walikuja watu na supu, wakaja wengine na supu, na jioni akaja rais wa tawi, ndiye mkubwa wao pale, na supu. Fundi alilia. Hakuna aliyewahi kumwulizia hivyo maishani, na kwa hilo tusimcheke.

Shida ni kwamba familia zake zilikaa mwisho wa mji, na kwaya, darasa na usafi wa kanisa vilimaliza wiki. Marafiki zake wote sasa walikuwa wa humo humo. Majirani aliwapungia mkono. Hata dada yake mkubwa, Mkatoliki damu damu, aliyepakana naye ukuta kwa ukuta, naye alipungiwa mkono.

Siku moja wanajumuiya, wale majirani Wakatoliki wanaosali nyumba kwa nyumba, walipiga hodi kuazima viti.

"Kuna sherehe?" akauliza fundi.

"Tunasali kwa dada yako. Wiki ya pili hii haamki kitandani. Kwani hujui?"

Kwa mazoea fundi akampigia simu rais wa tawi, akaomba apangiwe dada yake.

"Yeye si muumini wetu," alisema rais. Kisha akakohoa. "Lakini ndugu yangu, kwa dada yako mpaka upangiwe?"

Viti alivibeba mwenyewe. Wanajumuiya walipomaliza kusali na kuondoka, alibaki ameketi pembeni ya kitanda, tai shingoni, na maneno yaliyomjia ni yale yale ya kila ziara.

"Habari za familia hii? Kuna lolote tunaloweza kuwasaidia?"

Dada yake aligeuka, akamtazama.

"Familia yenyewe ni wewe," alisema. "Hebu niletee maji."

Fundi aliingia jikoni, akasimama katikati. Hakujua vikombe vinakaa wapi.