Daktari Alipomwambia Baba Atabasamu

Jamani, leo nusura tugombane na daktari kwa sababu ya uso wa baba yangu.

Asubuhi kikombe cha chai kilimponyoka Mzee mkononi. Mama akaita ambulensi.

Hospitalini, daktari kijana akamwinamia: "Mzee, hebu tabasamu kidogo."

Alikuwa akitafuta dalili za kiharusi, kuona kama upande mmoja wa uso umelegea.

Baba akamtazama tu. Uso umekauka kama ukuta.

Daktari akaanza kuita wenzake.

Mama akaruka: "Ngoja! Huyo ndivyo alivyo! Hata kwenye picha za harusi yetu hakutabasamu!"

Na ni kweli. Miaka ya sabini, kwenye vilabu vya hapa Birmingham, baba alikuwa mchekeshaji. Watu walicheka mpaka machozi, yeye kanuna kama anasubiri basi la Winson Green kwenye mvua. Angecheka, kazi ingeisha. Hata alipoigiza sauti ya bata kwenye katuni, alikuwa bata mwenye huzuni.

Sasa mweleze daktari hayo yote! Mimi nilibaki nimeshika koti la baba tu.

Mama akamshika baba mkono. "Baba Wanjiku, mara moja tu. Kwa ajili yangu."

Akajaribu.

Upande wa kulia wa mdomo ukapanda, mzuri ajabu. Mama akaangua kicheko kwa furaha.

Upande wa kushoto haukusogea.

Mliokuwa vilabuni enzi hizo, kama kuna mwenye picha yake akitabasamu, uso mzima, naomba anitumie.

Mama anauliza.