Head teacher alivua maua shingoni mwa binti yangu akayatupa kwa pipa, ati ni ya jeneza

Wakuu, salamu kutoka Kanduyi. Niko cyber na hasira haijaisha, lakini nikiongeza chumvi hapa, mods wafunge huu uzi.

Ijumaa ilikuwa graduation ya nursery. Binti yangu Nekesa alikuwa amevaa koja la maua, nimemshonea kwa mkono wangu. Head teacher akaja, akalivua mbele ya wazazi wote, akalitupa kwa pipa.

"Mama Nekesa, maua mbichi ni ya jeneza. Unatuletea nini hapa?"

Nekesa akaniangalia. "Mama, kwani mimi nakufa?"

Hapo, bana, breki zikakatika.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ndio mnielewe.

Kwetu ni Kwanza, pale karibu na Kitale, na high school nilisomea Kitale mjini. Nikiwa Form Three tukaletewa mwalimu wa kujitolea kutoka Hawaii. Jina lake Pua, ati kwao pua ni ua. Tulicheka mpaka kengele ikalia, na yeye akacheka na sisi.

Jumamosi alikuwa anatufundisha kushona koja la kwao. Huko mgeni akiwasili, mtu akimaliza shule, au akioa, anavishwa maua mabichi shingoni. Kulivua mbele ya aliyekuvisha ni kumtusi. Kulitupa kwa takataka ndio kabisa! Linarudishwa chini ya mti.

Sisi huku siku ya furaha tunavaa yale ya plastiki ya kung'aa. Maua mbichi tunayaona kwa matanga. Hiyo naelewa, mimi pia ni Mbukusu.

Sasa kazi yenyewe. Nilichuma frangipani asubuhi kwa compound ya kanisa, katekista akiniruhusu. Ni yale meupe, katikati manjano. Ukiyachuma yanatoa maziwa ya kunata, so unayatandaza kwa karai kwanza yakauke.

Sindano ya nguo ni fupi. Ya gunia inapasua ua. Fundi wa baiskeli akaninolea spoku, akanikunjia mwisho wake ishike uzi wa nailoni. Unaingilia katikati ya ua, unatokea kwa kikonyo, unavuta polepole. Ukiwa na haraka, limeraruka. Hapa na pale nikachomeka bougainvillea nyekundu.

Nekesa alikaa karibu na miguu yangu akinipatia moja moja, kila moja anainusa kwanza. Nyumba nzima ilinukia. Sikumbuki mara ya mwisho nilikaa na huyu mtoto hivyo bila kumwambia "nyamaza". Nilikuwa na raha, wakuu.

Turudi kwa graduation.

Nilienda kwa pipa nikatoa koja, nikalipangusa na leso. Nikamwambia, "Madam, si ungeniita kando? Mimi ndio nilimvisha. Mbona unamtisha mtoto?"

Kukhu mmoja, nyanya wa mtoto mwingine, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Lete hapa nivae mimi! Kama ni ya kifo, mimi si niko kwa laini kitambo?"

Watu wakavunjika mbavu. Nikamvisha, akainuka akatingisha mabega kama msichana. Nekesa alicheka mpaka kofia ya graduation ikaanguka. Hata sasa nikikumbuka natabasamu peke yangu hapa cyber.

Lakini tangu siku hiyo Nekesa hataki kuenda shule. Ati huko ndiko watamzika. Nikaenda kwa madam, akaniambia, "Mama, hayo si yaliisha?" Yaliishia wapi?

Mimi nilichojifunza ni hiki: mila ya mtu ikikushtua, muulize mtu mzima. Usiimalizie kwa mtoto.

Anayeona nimezidisha aseme hapa, hata akitukana nitasoma. Jumatatu nilipeleka hii kwa kamati ya shule, na wameipokea:

"YAH: MTOTO KUAMBIWA AMEVAA MAUA YA JENEZA. Mimi, mama yake Nekesa, nalalamika rasmi. Sitaki fidia. Sitaki mwalimu afutwe, kwa sababu anafundisha vizuri na mtoto anajua kusoma. Nataka, kabla shule ifungwe, asimame mbele ya darasa lote amwambie Nekesa kwa mdomo wake kwamba hafi. Maua nitaleta mimi. Kumvisha ni yeye."