Viroba Viwili Chini ya Tundu Moja

Ninyi wajukuu mnaokaa na simu mkononi kutwa, tulieni kidogo. Na kama mnanisoma humohumo kwenye simu, msirukeruke. Nina neno nanyi, na wewe mwanangu unayejiandaa kununua kompyuta ya kazi ndiye ninayekutazama zaidi.

Haijanitoka siku ile Felista, mtoto wa binti yangu mkubwa, alipoketi hapa barazani na fundi wake, Saidi, wakipanga kompyuta ya mezani ya studio yake ya picha pale Kibaoni. Felista anapiga harusi, komunyo, misiba, kila kitu, kisha anakaa kuzirekebisha picha hizo mpaka bibi harusi mwenye chunusi anang'aa kama sufuria ya Pasaka. Ndiyo kazi inayomlisha, simcheki.

Saidi akasema atamfungia diski mbili kubwa ndani ya boksi moja, zinazonakiliana. Picha ikiingia kwenye hii, papo hapo inaingia na kwenye ile. Moja ikifa, mwenzake yupo. Felista akafurahi, akaona mambo yamekwisha.

Mimi nilikuwa napepeta mchele. Shule niliishia darasa la nne na kompyuta siijui, lakini kuuliza si ujinga. Nikamuuliza Saidi, je, mtu akifuta picha kwa makosa?

"Inafutika kote, bibi."

"Na umeme ukirudi kwa kishindo?"

Akajikuna kichwa. "Unaweza kuunguza zote."

"Na mwizi akibeba boksi?"

"Huyo naye kabeba zote."

Felista akaniuliza kwa nini namwombea mabaya. Nikaweka ungo chini, nikawaeleza habari ya mbegu.

Nilikuwa mkamwana mpya, huko Mchombe. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, na maneno yake mafupi kuliko yeye. Tulipomaliza kuvuna alinipa mbegu ya mpunga, viroba viwili. Akaniambia kimoja kikae nyumbani, kingine nikipeleke kwa dada yake upande wa mlimani. Ni mwendo wa nusu siku, jua la kuchoma, mzigo kichwani. Mimi na akili zangu za ujana nikaona viwili ni viwili, hata vikikaa pamoja. Nikavipanga juu ya uchaga wa jikoni, bega kwa bega. Aliponiuliza kama nimekifikisha, nikasema ndiyo. Uongo huo nilishauungama, siurudii hapa.

Mvua za kwanza zikatukuta shambani, tumelala dunguni siku kadhaa tukimalizia kulima. Tuliporudi, paa la nyasi lilikuwa limevuja mahali pamoja tu, tundu dogo hata ngumi haipiti. Maji yalishuka palepale uchagani. Nikashika kiroba cha kwanza, kina joto. Nikashika cha pili, kina joto. Kuvifungua, mbegu imechipua, nyeupe kama meno ya mtoto, mizizi imesokotana na inanuka. Wanasema akiba haiozi. Yangu iliota ndani ya nyumba.

Mama mkwe hakunipiga wala hakupaza sauti. Alitazama viroba, akatazama paa.

"Mkamwana wangu," akasema, "viroba viwili chini ya tundu moja ni kiroba kimoja."

Kisha akanituma kwa dada yake, njia ileile niliyoikwepa, nikaombe mbegu na nieleze kwa kinywa changu kilichotokea. Nilirudi na kidogo kilichopatikana. Tulipanda nusu ya shamba, tukala kwa kujibana mwaka mzima, na kila nilipopakua nilijua nani kakipunguza chakula kile.

Nilipomaliza, Saidi mwenyewe akaanza kupangua mpango wake. Akamwekea diski ndogo yenye kasi, ya programu na ya picha anazozifanyia kazi wiki hiyo. Hiyo ni kama unga ulio jikoni, unachota upesi. Akamwekea moja kubwa isiyo na haraka, ya kutunzia zile zilizokwisha, na hilo ndilo ghala. Ile kubwa ya pili akaitoa kabisa kwenye boksi, akaivika ganda lake na waya wake. Hiyo ndiyo mbegu ya mlimani. Inakaa kabatini kwangu ndani ya kopo la biskuti. Jumamosi inakwenda Kibaoni, inajazwa picha zote mpya, inarudi siku hiyohiyo. Saidi akasema nifungue duka la kompyuta. Nikamwambia aanze yeye kuziba paa la mama yake.

Masika yaliyofuata umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, boksi likatoa moshi. Diski zote mbili zilizokuwa ndani, kimya. Kesho yake akaja studio mzee mmoja kutoka Mchombe, kofia mkononi. Felista alikuwa amewapiga picha kwenye jubilei ya ndoa yao, na majuma matatu baadaye mkewe akafariki. Alitaka picha moja tu, ile anayocheka.

Felista alinijia na bodaboda, akanipita mlangoni bila salamu, moja kwa moja kabatini. Nikamwambia aamkie kwanza. Akaamkia. Kule Kibaoni wakaichomeka diski kwenye kompyuta ya Saidi, na yule mama alikuwemo, anacheka, jino moja la mbele halipo. Walipoichapa, mzee aliishika picha kwa mikono miwili. "Ndiye," akasema, akakaa nayo hivyo.

Basi, mwanangu, kasi inunue na ukubwa ununue, lakini wingi usikudanganye ukadhani ni usalama. Nakala iliyo ndani ya boksi lilelile inakufa kifo kilekile. Ipeleke nyumba nyingine, na uipeleke kweli, usiwe mtu wa kusema umeipeleka. Mungu akujalie kazi ya mikono yako iishi kuliko vyombo ulivyoifanyia, na juu ya kichwa chako pasivuje.

Hapa kwangu nimekwisha kuwaambia wote, na Felista akiwemo: Jumamosi hakuna anayenawa mikono kula mpaka nisikie diski imegonga chini ya kopo la biskuti.