Kilo Tisa na Sala Moja

Sikufanya maajabu yoyote. Nilipunguza mukimo kutoka miiko miwili hadi mmoja, nikaacha sukari kwenye chai, na kila jioni baada ya kufundisha nikatembea kutoka Kaaga hadi soko la Gakoromone, nikarudi na ndizi zangu mkononi. Mwaka ulipoisha nilikuwa nimepungua kilo tisa, na hakuna mtu aliyeniambia neno. Nilidhani hawajaona.

Kumbe walikuwa wameona wote. Jumamosi moja akina mama wa kanisa letu walibisha hodi bila hata kunipigia simu, wamebeba birika la uji, sufuria ya mukimo na nyuso za matanga. Kwetu mtu hakondi kwa hiari.

"Mwalimu, si ungetuambia mapema?" mwenyekiti wao aliuliza, akinishika mkono kana kwamba utavunjika.

"Mimi si mgonjwa! Natembea tu."

"Hata marehemu mzee wangu alikuwa anasema hivyo."

Nilikasirika, tena sana. Kisha nikaliangalia lile birika kubwa walilopanda nalo kilima kizima kwa ajili yangu, hasira ikaniisha. Nikawapakulia, nami nikajiwekea mwiko wangu mmoja. Wakatazamana.

Tulipomaliza kula tukasimama kuomba. Mwenyekiti akapaza sauti: "Bwana, mrudishie mwili wake wote, kama ulivyokuwa!"

Sebule nzima ikaitikia Amina. Mimi nilibana midomo, Mungu asije akadhani nimekubali.