Mguu wa Nane wa Pweza

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule, hapa Ipagala, akaweka daftari mezani. "Mama, tumeambiwa tuchore mnyama wa baharini. Nisaidie." Nikachukua penseli, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshachora kibuyu kilichopinduliwa. Nilijua nani alinifundisha kuanza hivyo.

Kwetu Gulwe bahari hatukuwahi kuiona. Tulikuwa na reli, vumbi, na mto ambao kiangazi ulikuwa mchanga mtupu. Lakini dada yangu mkubwa alisomeshwa na mwalimu aliyetoka pwani, na jioni, ndama wakishafungwa na harufu ya mlenda ikitoka jikoni, alitukusanya sisi watoto kwenye ukuta wa udongo wa tembe letu, kila mmoja na kipande cha mkaa.

"Anzeni na mnachokijua," alisema. Kasa alianza na ungo. Papa alianza na mchi, kisha ukachongwa ncha. Pweza alianza na kibuyu, mdomo chini, halafu kamba nane za kufungia ndama, moja moja, bila haraka. Jicho lilikuwa la mwisho.

Siku moja bibi akaja kukagua. "Hawa wa nani?"

"Wa baharini, bibi."

"Nimeuliza ni wa nani. Hawana alama. Wakipotea mtawadai vipi?"

Kwetu kila ng'ombe alikatwa sikio kwa alama ya ukoo. Tulicheka sana, ila dada hakucheka. Papa hana masikio, basi akamkata pezi. Pweza akamkata ukingo wa kichwa. Tangu hapo wanyama wote wa ukutani wakawa mali yetu.

Masika yale dada akaugua. Pweza wake mkubwa, pale karibu na mlango, alikuwa na miguu saba tu. Akaniita kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe alipolala. "Mdogo wangu, nimalizie mguu wa nane. Unaweza."

Treni ilikuwa imepiga honi stesheni, wenzangu wanakimbia kuitazama. "Kesho, dada," nikasema. Sikuwa na sababu nyingine. Nimeitafuta miaka yote, sijaipata. Kulipokucha wanawake walikuwa wamejaa uani, wanalia.

Sikuugusa ule ukuta tena. Bibi alipokuwa akikandika udongo upya, alimzunguka pweza, hakumfuta. Pweza hakuwa na jicho, lakini kila nilipoingia ndani nilihisi ananitazama. Baadaye bibi naye akafariki, mvua ikaliangusha tembe, ukuta ukarudi kuwa matope. Nilidhani pweza ameenda nao.

"Mama, miguu ni saba!" Binti yangu alikuwa ameinamia daftari, anacheka. "Hata kuhesabu hujui?"

"Malizia wewe," nikamwambia.

Akauchora mguu kwa mkupuo mmoja, akatia jicho. "Na huu mkato wa kichwani?"

Sikukumbuka kuuweka. "Ni alama," nikasema. "Ajulikane ni wa kwetu."

Akaenda kula. Mimi nikabaki na daftari. Nilitarajia nafuu. Lakini muda wote huo, kwa sababu ya mguu mmoja, moyoni mwangu dada alikuwa bado amelala pale kwenye ngozi, ananisubiri nirudi kutoka stesheni. Sasa mguu umechorwa, na hakuna anayenisubiri.